Kabla Hujanunua Kamera, Sikia Yaliyonikuta

Vijana wanaotaka kununua kamera huja kwangu na swali moja: Canon au Nikon? Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Zote mbili zinatoa picha nzuri, na muuzaji yeyote wa Kariakoo atakutajia megapikseli zake bila kuangalia boksi. Asichokueleza ni kwamba siku utakayoanza kuonekana na kamera shingoni, ndugu, majirani na hata watu usiowajua wataanza kukudai vitu ambavyo jana hukuwa unadaiwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Sikuwa na mpango wa kufungua studio. Nilipenda picha, nikajibana, nikanunua Nikon D7000 iliyokwishatumika pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 105. Yaliyofuata ningependa ningeyasikia kwa mtu mapema, ndiyo maana nayaandika.

Nianze na pesa, maana pesa ndiyo inayoelezeka haraka. Watu huhesabu bei ya kamera wakadhani wamemaliza. Bado kuna kadi ya kuhifadhia picha, betri ya akiba, flashi, begi, kompyuta isiyokwama, diski ya nje, na diski nyingine ya kutunza nakala ya ile ya kwanza. D7000 ina megapikseli 16.2. Ukipiga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, picha moja inakula karibu megabaiti 20, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 20, na harusi ya kwetu kuanzia kesha hadi kumtoa bi harusi haipungui picha elfu moja. Kisha kuna shata. Ndani ya kamera za aina hii mna pazia dogo linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza, na pazia hilo lina umri wake. La D7000 lilijaribiwa na watengenezaji mpaka mara 150,000. Ukiisikia hiyo namba unaona ni nyingi mno, mpaka upige hesabu: mtu anayepiga harusi moja kila wiki, picha 1,500 kwa kila harusi, anafikisha 78,000 kwa mwaka. Miaka miwili haijatimia, pazia limeshafika mwisho wa umri uliopimwa. Anayenunua kamera ya mkono wa pili aombe kwanza picha moja iliyopigwa nayo siku hiyo hiyo. Idadi ya shata huandikwa ndani ya faili lenyewe, na zipo programu za bure za kuisoma.

Hata hivyo, gharama iliyoniuma kuliko zote ililetwa na hewa yetu. Tanga ni mji wa bahari. Masika ikishika, nguo za kabatini zinanuka uvundo, chumvi inayeyuka kwenye kopo, na viatu vya ngozi vinaota ukungu. Nilikuwa naitunza kamera kwenye begi lake, kabatini, mbali na watoto na vumbi, kama anavyofanya kila mtu. Siku moja picha nilizopiga nikielekea jua zilitoka zimefifia, rangi nyeusi imekuwa kijivu. Nikaichomoa lenzi, nikalifungua tundu lake la kupitishia mwanga mpaka mwisho, nikamulika tochi kutoka nyuma. Kwenye ukingo wa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimetawanyika kama mizizi ya mchicha uliong'olewa. Nilifuta kioo cha mbele, nikafuta cha nyuma, nyuzi hazikutikisika. Zilikuwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki.

Ile ni kuvu. Inahitaji giza, joto na unyevunyevu, na begi lililofungwa ndani ya kabati linaipa vyote vitatu. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba wa rangi uliopakwa juu ya kioo kuzuia mwanga usirudi. Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta kuvu, lakini utando ulioliwa haurudi. Lenzi yangu ilirudi kutoka Dar es Salaam ikiwa safi kwa kuitazama, ila mpaka leo sipigi nayo nikielekea mwanga.

Watu wengi hushauri kuweka mchele. Mchele una unga, unga huo unaingia kwenye maungio ya lenzi, na unyevu unaofyonzwa ni kidogo. Kinachofaa ni kontena la plastiki la chakula, lile lenye mpira kwenye mfuniko, na ndani yake silika jeli ya kutosha, zile punje za kufyonza unyevu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ni vidogo, na mara nyingi vimeshachoka kabla hujavipata. Tafuta zile punje za buluu: zikishiba unyevu zinageuka waridi, unazikausha kwenye moto mdogo hadi zirudi buluu, unaendelea kuzitumia. Pia usiifungie kamera miezi. Itoe, ipige mwanga, ifanyie kazi. Na ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, au ukitoka Lushoto asubuhi na mapema ukafika Tanga mchana, iache kamera ndani ya begi mpaka izoee joto, kwa sababu kioo cha baridi kikikutana na hewa ya pwani kinajaa mvuke, na kuvu inaanzia hapo.

Haya yote mtu mwenye subira atayamudu. Yanayofuata hayana kontena.

Kwetu shangazi ana nafasi yake harusini. Binti wa kaka yako anapoolewa, wewe ndiye unayekaa naye chumbani, ndiye unayeulizwa kama yuko tayari, ndiye unayemshika mkono anapotolewa. Binti wa kwanza wa kaka yangu alipoolewa, hakuna aliyeniuliza kama nitapiga picha. Ilichukuliwa hivyo tangu kikao cha kwanza: “Picha tunaye dada.” Kwenye daftari la kamati, mahali pa mpiga picha pakaandikwa sifuri. Nami nilimpenda yule mtoto, sikuona la kubishania.

Siku yenyewe nilikuwa kila mahali. Nilipiga hina ikikauka, nilipiga bibi yake akimfunga mkufu, nilipiga mlango, nilipiga magari. Wakati wa kumtoa, vigelegele vimepamba moto, mimi niko juu ya stuli kwenye kona ya chumba nageuza flashi iangalie dari isije ikamchoma uso. Kwenye kioo cha kamera nilimwona bi harusi akigeuza shingo kushoto, akigeuza kulia, anatafuta mtu. Alikuwa ananitafuta mimi. Mama mmoja wa upande wa mama yake akasogea, akamshika mkono, wakatoka. Picha hiyo ninayo, imetoka vizuri sana, mwanga umekaa, machozi yanaonekana. Mkono ulioshika mkono wa mtoto wetu si wangu.

Ukumbini chakula changu kililetwa pamoja na cha watu wa muziki. Wifi yangu alipokuja kuniita ili familia ipige picha ya pamoja jukwaani, aliniita nije niipige. Siwalaumu. Mtu mwenye kamera usoni hana uso, na watu husema na kile wanachokiona.

Utasema, si ungempa mtu mwingine abonyeze? Simu unampa mtoto yeyote anapiga. Kamera ya aina hii ukimpa asiyeizoea, anatafuta picha kwenye kioo cha nyuma, haioni, anabonyeza nusu, inafanya mlio, anakurudishia anasema imegoma. Nimejaribu mara nyingi. Zile chache zilizopigwa, waliotoka vizuri ni watu wa nyuma yangu.

Baba yangu alifariki nikiwa tayari nina kamera. Nina picha zake nyingi mno: akisoma gazeti barazani, akitoka msikitini Ijumaa, akimenya chungwa kwa kisu chake, ganda likishuka mzima mzima bila kukatika. Wadogo zangu wanazipenda, wameziweka ukutani. Ila picha ambayo baba na mimi tumo pamoja ni ya zamani, ile ya studio, mimi mdogo niko kwenye paja lake na nyuma yetu pazia lililochorwa mnazi na bahari. Kuanzia nilipokuwa na kamera yangu mwenyewe, hakuna.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaume wenye kamera hawalijui, nami nalijua kwa kuwa ni mwanamke wa pwani. Sherehe zetu zina upande usioingiwa na mwanamume. Kesha, singo ya kumsugua bi harusi, kupakwa hina, ngoma za ndani: wanawake wanavua mabuibui, wanafungua vichwa, wanacheza wanavyotaka kwa sababu mlango umefungwa na waliomo wote ni wa kike. Mpiga picha wa kiume haingii. Kwa hiyo naitwa mimi. “Njoo wewe, dada, wewe ni wetu.” Heshima hiyo ni kubwa, na inatisha, kwa sababu mlango umefungwa lakini kadi ya kamera inatoka.

Nilijua uzito wake siku niliyokuwa nashughulika na jambo jingine kabisa. Picha za safari ya wanafunzi wetu kwenye mapango ya Amboni zilipotea, kadi ilikuwa imefomatiwa kabla hazijahamishwa. Nikashusha programu ya bure ya kuokoa mafaili, inaitwa PhotoRec, nikaiacha ichimbe kadi. Ilirudisha picha za wanafunzi. Ikaendelea. Ikaanza kuleta picha za kesha la zamani kwenye kadi hiyo hiyo, nilizokuwa nimezikabidhi kwa wenyewe na kuzifuta: wanawake vichwa wazi, mabega wazi, wake za watu, mama wa wanafunzi wangu. Zinateremka moja baada ya nyingine kwenye kioo. Namshukuru Mungu nilikuwa nyumbani, nimefunga mlango. Kazi ile ningeweza kuifanyia chumba cha walimu.

Kufomati kadi hakufuti picha. Kunafuta orodha tu inayoieleza kamera picha zimekaa wapi. Picha zenyewe zinabaki pale pale mpaka zipandiwe na nyingine. Mtu unayemuuzia kamera na kadi yake, fundi unayemwachia kompyuta, mpwa anayeazima kadi ahamishie muziki, kila mmoja wao anaweza kuzitoa kwa programu isiyolipiwa hata senti moja. Tangu nilipolijua hilo, sijaazima mtu kadi. Kompyuta ilipoharibika niliichomoa diski kwanza ndipo nikaipeleka kwa fundi, akalalamika kwamba hawezi kuijaribu, nikamwambia atafute diski yake.

Na hapo ndipo ugomvi wa kifamilia unapoingia. Shemeji yangu aliomba kamera kwa safari ya kikazi. Nikampa kamera, betri na chaja. Kadi nikamwambia anunue. Akaniangalia. “Yaani kadi tu, shemeji? Kwani ina dhahabu?” Ningemjibu nini? Nikimweleza kwamba kadi ile imepita kwenye kesha, nimeshamwambia kwamba ndani kuna kitu cha kuona. Nikanyamaza, akaondoka na kinyongo, na kwa muda mrefu kila tukikutana kwenye shughuli alikuwa anasalimia nyumba nzima kisha mimi mwisho. Nilikubali nionekane mchoyo. Kuna aibu za wanawake wengine nilizozibeba, na sikuwa na ruhusa yao ya kuzieleza.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwenye kupiga picha za watu kwa malipo aisome. Kwa wanawake wa mitaa ya Ngamiani na Makorora, hata hivyo, jambo hili ni la heshima ya nyumba, na nyumba haisubiri mahakama.

Kisha ndoa huvunjika. Mara ya kwanza nilipofikiwa na hili sikulala vizuri. Mwanamke aliyeachika alikuja na mama yake, akaniomba nifute kila picha ya harusi yake. Hakutaka kuonekana popote akiwa na yule mwanamume. Nikamkubalia. Siku chache baadaye akaja aliyekuwa mama mkwe wake. Mumewe, yule mzee, alikuwa ameshafariki, na hakuwa na picha nyingine yoyote aliyovaa kanzu na joho, isipokuwa zile za harusi. Alizitaka. Wote wawili wamekaa kwenye mkeka huo huo kwa siku tofauti, wote wawili wanalia, na wote wawili wana haki.

Nilizitenganisha. Zile ambazo mzee yumo peke yake au na wanawe nilimpa mama. Zikabaki mbili ambazo mzee na mkwewe wamekaa pamoja, mzee ameinamisha kichwa anamwambia kitu, binti anacheka. Nikampigia simu yule binti, nikamweleza. Alikaa kimya muda, kisha akasema, “Mpe. Mzee hakuwahi kunikosea.” Nikatoa hizo mbili, nyingine zote nikampa binti mwenyewe kwenye flashi ya kompyuta, nikafuta kwangu, safari hii kwa kujaza diski na mafaili mengine ili kisibaki kitu cha kuchimbwa. Hakuna aliyenifundisha kuamua mambo kama hayo. Nilinunua kamera ya kupigia picha, nikajikuta naamua nani abaki na kumbukumbu ya nani.

Misiba ni mizito zaidi. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikristo aliyekuwa akiimba kwaya na kupika pilau ya shughuli zote za mtaa bila kujali ni za dini gani, alifariki ghafla. Usiku huo huo wanawe walinigongea. Walihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza na ya kuchapa kwenye fulana. Waliyokuwa nayo ilikuwa imepita WhatsApp. WhatsApp kwa kawaida inaipunguza picha, inabaki na pikseli kama 1,600 kwa upande mrefu, na kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi hiyo inatoa urefu wa inchi tano na kidogo. Wao walitaka kubwa. Aliyechapa angewatolea uso wa vumbi. (Ukitaka kumtumia mtu picha nzima kwa WhatsApp, itume kama waraka, usiitume kama picha. Wengi hawajui.)

Nikafungua diski, nikatafuta harusi moja baada ya nyingine. Nilimpata kwenye kona ya picha ya watu wengine, amebeba sinia la pilau, ameangalia kamera kwa ghafla, anatabasamu. Hakuna aliyekusudia kumpiga. Nikaukata uso wake kutoka kwenye ile picha, nikaondoa sinia, nikaondoa bega la mtu aliyepita, nikajaza nyuma yake rangi moja. Kazi hiyo ilikwenda mpaka alfajiri. Nyimbo za msibani zilikuwa zinaingia dirishani, wanawake wa mtaa wote wako kwenye mikeka uani kwake, nami niko peke yangu na uso wake umejaa kioo cha kompyuta, nafuta mstari wa kivuli chini ya kidevu. Alikuwa ameninyonyeshea mtoto nilipolazwa. Nafasi yangu ilikuwa kule kwenye mikeka.

Palipokucha binti yake aliitazama ile picha, akalia, akashukuru, kisha akaniomba nimng'arishe mama kidogo. Nikakataa. Ombi hili huletwa kwangu kila mara: bi harusi anataka uso mweupe, na mikono yake inabaki na rangi yake ya kweli, mtu anaonekana kama ameazimwa kichwa. Kwa walio hai huwa nabishana kwa upole na mara nyingi tunakubaliana mwanga uongezwe kwa picha nzima, ngozi isiguswe. Kwa yule mama sikukubali hata hilo. Alikuwa mweusi, alikuwa mzuri, na watoto wake walikuwa wanakwenda kumzika yeye. Sitabadilisha msimamo huo.

Nje ya nyumba, kamera inakuletea shida ya aina nyingine. Mwenye simu anapita popote akipiga anavyotaka, hakuna anayemgeukia. Nyanyua lenzi kubwa, kila mtu ana swali. Kule Deep Sea, wanakoshusha samaki, mashua zinaporudi asubuhi, mvuvi mmoja alinyoosha jamvi mbele ya uso wake akasema kwa sauti wenzake wasikie: “Picha zetu mnakwenda kuuzia Wazungu, sisi tunabaki na samaki wetu.” Sikuwa nauza picha yoyote, lakini alichosema kina ukweli wake: ni watu wangapi wamepigwa picha pwani hii, zikachapwa kwenye kalenda na vitabu vya utalii, na wao hawajawahi kuziona? Nilirudi kwao na picha nilizokwisha wapiga, zimechapwa kwenye karatasi, nikamkabidhi kila mtu yake. Yule wa jamvi aliichukua yake, akaitazama muda mrefu, akauliza kama naweza kumpiga na mwanawe. Kuchapa nako ni gharama, na siku hizi naihesabu pamoja na nauli.

Askari ni hadithi nyingine. Nilisimamishwa karibu na eneo lenye uzio nikiwa napiga machweo, nikatakiwa kuonyesha kila picha iliyomo, moja moja, kwenye kioo kidogo cha nyuma. Fikiria kama kadi iliyokuwemo ingekuwa ya kesha. Bandari, kambi za jeshi, viwanja vya ndege na makazi ya viongozi si mahali pa kunyanyulia kamera bila ruhusa, na bango la katazo hutaliona kila mahali. Waandishi wa habari wenyewe hulipa zaidi ya muda. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyeanzisha shirika la Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, yule ambaye picha zake ziliionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991 akiwa kazini. Yeye alikuwa na kitambulisho cha kazi na shirika nyuma yake. Mwalimu mwenye kamera ya mkono wa pili ana maelezo yake tu.

Nimeulizwa kwa nini siiuzi. Siiuzi kwa sababu zile picha za baba akimenya chungwa zisingekuwepo, na uso wa yule mama ungezikwa pamoja naye. Nilichofanya ni kuweka masharti, na nayasema mbele za watu kabla shughuli haijaanza. Shughuli ya ndani ya wanawake napiga kwa kadi mpya iliyonunuliwa na wenyewe, imo kwenye bajeti yao. Nikimaliza naitoa mbele yao, naikabidhi kwa mama wa bi harusi, sibaki na nakala. Atakayetaka picha zisafishwe kasoro tunakaa naye kwenye kompyuta hadi tumalize. Kamera naazima, kadi siazimi, na sababu siielezi. Msibani natoa picha usiku ule ule, kisha nazima kompyuta, nakwenda kukaa na wenzangu. Kusafisha kutafanywa na aliye mbali na msiba.

Na harusi ya mtoto wa kaka au dada yangu, sipigi. Hili lilikuwa gumu kulipitisha kuliko yote. Binti wa pili wa kaka alipochumbiwa, nilisema kwenye kikao cha kwanza kwamba mpiga picha akatafutwe, awe wa kike, alipwe. Kaka akanuna. Alisema kamera imo ndani ya nyumba, iweje tutoe pesa nje wakati ukumbi wenyewe haujalipiwa. Baadhi ya wajumbe wakamuunga mkono, mmoja akasema nimeanza kujisikia. Nikatoa ile picha ya dada yake akitolewa chumbani, nikaipitisha kikaoni, kila mtu akaitazama. Nikawauliza wanionyeshe shangazi yuko wapi. Mama yetu, ambaye alikuwa amekaa mwisho kabisa hajasema neno, akamwambia kaka, “Andika mpiga picha.” Kaka akafuta sifuri, akaandika laki tatu, na kikao kikahamia kwenye habari ya ng'ombe.